Nifanyeje gumba lisifuate vidole? Jibu kwa mpiga gitaa wa Mwanza

Swali hili limetoka kwa kijana wa Mwanza, fundi seremala, mwenye gitaa kavu alilolinunua kwa mtu miaka miwili iliyopita. Kordi za kawaida anazijua na huisindikiza kwaya ya mtaani kwao. Mwaka huu akakutana kwenye simu na nyimbo za Mississippi John Hurt, mpiga gitaa wa zamani wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, na tangu hapo hana raha. Anaandika:

"Mwalimu, yule mzee anapiga besi na wimbo kwa pamoja, tena bila haraka, kama mtu anayepiga soga. Mimi nikijaribu kupiga vitu viwili kwa wakati mmoja nashindwa hata mstari wa kwanza. Gumba linaanza vizuri, ila kidole cha shahada kikiingia tu, gumba linakifuata au linasimama. Mwenzangu wa kwaya anasema lazima nitumie vidole vinne kama wapigaji wa klasiki, lakini kwenye video naona wengine wanatumia viwili. Nimfuate nani? Pia gitaa langu ni la nyuzi za nailoni. Nataka nibadilishe niweke za chuma ili lilie kama la kwake. Nifanye hivyo?"

Mdogo wangu, nianze na la mwisho maana hilo haliwezi kusubiri: usithubutu kuweka nyuzi za chuma kwenye gitaa lililoundwa kwa nailoni. Wewe ni seremala, utanielewa upesi. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa zinavuta daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa, kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma, hata zile nyembamba za kawaida, zinafika kilo 70 na zaidi. Daraja la gitaa lako limebandikwa kwa gundi juu ya ubao mwembamba, na fito zilizo ndani chini ya ubao huo hazikupangwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Gitaa langu la kwanza lilikufa hivyo. Muuzaji aliniambia nyuzi ni nyuzi, nikamwamini, na usiku wa tatu nikaamshwa na mlio kama wa tawi linalovunjika. Daraja lilikuwa limeng'oka na kipande cha ubao. Baki na nailoni. Yote nitakayokueleza yanafanyika juu ya nailoni, na siku ukipata gitaa la chuma utahamia nalo bila kujifunza upya.

Sasa tuje kwenye gumba.

Unasema unajaribu kupiga vitu viwili kwa wakati mmoja. Tatizo lako limeanzia hapo, kabla hata ya kugusa uzi. Hakuna anayeweza kuwaza vitu viwili kwa mpigo mmoja, na John Hurt naye hakuwa akifanya hivyo. Yeye alikuwa na gumba lisilohitaji kuwazwa. Ukienda kazini kwa miguu huku unaongea na simu, hujiulizi ni mguu gani unaofuata. Gumba linatakiwa lifike huko, na halijafika kwa sababu umelikabidhi wimbo kabla halijajua kutembea. Kumbuka pia kwamba mkono wako kwa miaka yote hiyo umeshika nyundo, randa na msumeno, kazi ambazo vidole vyote hufunga na kufungua pamoja. Sasa unaviomba vitengane. Vinahitaji muda.

Fikiria bendi ya dansi. Kuna gitaa la solo, la rizimu na la besi, na nyuma yao kuna dramu. Mpigaji wa bluzi za shamba kule Mississippi, Texas au Carolina miaka ya 1920 mara nyingi hakuwa na watu hao. Alikuwa peke yake nyumbani kwa jirani, usiku wa Jumamosi, na watu wamekuja kucheza. Gumba likawa besi na dramu, vidole vikawa solo, na rizimu ikazaliwa pale vinapopishana. Robert Johnson alipiga hivyo alipokwenda kurekodi San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Keith Richards wa bendi ya Rolling Stones amesimulia kwamba aliposikia rekodi hizo mara ya kwanza aliuliza yule mwingine anayepiga naye ni nani. Hakukuwa na mwingine.

Kwa hiyo utaanza na gumba peke yake, na nakuomba uvumilivu wa kweli: wiki mbili bila wimbo wowote.

Shika kordi ya C. Gumba lipige uzi wa tano, kisha wa nne, tena wa tano, tena wa nne (uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko wote, wa sita ndio mnene). Anza na pigo moja kwa sekunde. Tazama linavyotembea. Litembee kutoka shinani, pale linapoungana na kiganja, likiwa limenyooka, na likae mbele kidogo ya vidole vingine, upande wa shingo ya gitaa. Likikaa nyuma yao vitagongana, na wewe utadhani kasoro iko kwenye mapigo kumbe ni mkao wa mkono tu.

Kisha laza ukingo wa kiganja, ile nyama iliyo chini ya kidole cha mwisho, juu ya daraja, uguse nyuzi nene tu pale zinapotokea. Ukiupatia, besi haitasema "duuum" ikaning'inia. Itasema "dup", fupi na nzito, kama kisigino kwenye sakafu ya mbao. Sogeza kiganja milimita chache mbele, sauti inakufa kabisa. Kirudishe milimita chache nyuma, uzi unalia kama kengele. Wako wapigaji waliopenda kuziba sana na wako walioacha besi ilie, lakini kwa mwanafunzi napendelea "dup", kwa sababu inakufichulia kila pigo lililochelewa. Besi inayoning'inia huficha makosa.

Wiki ya kwanza ikiisha, jipime. Gumba likiwa linaenda, hesabu kwa sauti kutoka 50 kurudi nyuma. Kisha soma ukurasa mzima wa gazeti. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hodi: mtu abishe mlangoni, umwitikie karibu, umsalimie, umuulize habari za nyumbani, na gumba lisiruke pigo hata moja. Ukiweza hilo kwenye C, lifanye kwenye G, ambako gumba litapishana kati ya uzi wa sita na wa nne, halafu jizoeze kuhama kutoka C kwenda G na kurudi. Kuhama ndiko kunakoangusha wengi, kwa sababu mkono wa kushoto ukichelewa, wa kulia huwa unausubiri. Usisubiri. Kordi isipokuwa tayari, piga uzi mtupu, usiobanwa, hata kama utalia vibaya. Anayecheza atasamehe noti mbaya, lakini pigo lililopotea litamkwaza miguu.

Wiki ya tatu vidole viingie. Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukishuka wa pili uko juu, wa pili ukishuka wa kwanza umeshapanda. Hakuna anayemngoja mwenzake wala anayemkimbiza, na michi haigongani. Gumba ni mtwangaji wa kwanza. Noti ya wimbo, kwa hatua uliyopo, ina njia mbili tu za kuingia: iangukie pamoja na gumba, au iangukie katikati ya mapigo mawili ya gumba. Ya kwanza mimi naiita kufinya, maana gumba na kidole vinakutana kama mtu anayefinya kitu. Ya pili naiita kujibu. Nyimbo za John Hurt zinazokukosesha raha, karibu zote zimejengwa kwa kufinya na kujibu.

Bado uko kwenye C. Kidole cha shahada kishike zamu ya uzi wa pili, cha kati zamu ya uzi wa kwanza. Hesabu hivi: moja, mbili-na, tatu-na, nne. Kwenye "moja" finya, gumba uzi wa tano na kidole cha kati uzi wa kwanza, kwa pamoja. Kwenye "mbili" gumba linapiga uzi wa nne peke yake, na kwenye "na" inayofuata kidole cha shahada kinajibu kwenye uzi wa pili. "Tatu" ni gumba uzi wa tano, na "na" yake ni kidole cha kati kwenye uzi wa kwanza. "Nne" ni gumba uzi wa nne, vidole vimenyamaza. Kisha unaanza upya.

Gumba lako litakwama, na ninajua mahali penyewe: ile "na" ya kwanza. Kidole cha shahada kikipiga, gumba litataka kupiga nacho tena, au litabaki hewani linangoja ruhusa. Usirudie mzunguko wote mara mia ukitumaini patajinyoosha penyewe. Chukua pale tu: gumba uzi wa nne, shahada uzi wa pili, gumba uzi wa tano. Noti tatu. Zipige polepole kiasi cha kuchosha, simama, zipige tena. Zikikaa sawa, ongeza noti moja kabla yake, kisha moja baada yake, mpaka mzunguko utimie. Wewe unajua namna hiyo ya kazi. Kiungo kikikataa kuingia hubomoi kabati zima, unashughulikia kiungo.

Kuhusu vidole viwili au vinne, mwenzako wa kwaya hajakosea kwa muziki wa klasiki, ila kwa muziki huu ushauri wake haukufai. Mchungaji Gary Davis, aliyezaliwa South Carolina mwaka 1896, kipofu, aliyekuwa akihubiri na kupiga gitaa mitaani Harlem, New York, alitumia gumba na kidole cha shahada tu. Ni miongoni mwa wapigaji wagumu kuliko wote kuigwa. John Hurt alitumia gumba, shahada na cha kati, na vile viwili vya mwisho akavilaza juu ya ubao wa gitaa kama nanga. Huhitaji hata kuvuka bahari kupata ushahidi. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga kwa gumba na shahada na akaimba kwa Kiswahili. George Mukabi wa magharibi ya Kenya naye alipiga kwa gumba na shahada, huku mwenzake akimshikia mapigo kwenye chupa ya soda. Sisemi kwamba huyu alijifunza kwa yule. Nasema mkono wenye gumba moja na kidole kimoja umeshathibitishwa Marekani, Kongo na Kenya. Anza na vitatu kama Hurt, kwa sababu ndiye unayempenda, na kidole cha kati kikikusumbua kiweke pembeni bila aibu.

Halafu kuna mpiga gitaa Elizabeth Cotten wa North Carolina, aliyetumia mkono wa kushoto. Aligeuza gitaa juu chini bila kuhamisha nyuzi, kwa hiyo besi ikapigwa na vidole na wimbo ukapigwa na gumba. Kinyume kabisa cha haya ninayokufundisha, na nikimsikiliza besi yake inatembea bila kuyumba hata kidogo. Muhimu ni kuwe na sehemu moja ya mkono iliyokabidhiwa mapigo na isiyaache.

John Hurt mwenyewe alikuwa mkulima wa Avalon, kijiji kidogo cha Mississippi. Mwaka 1928 kampuni ya rekodi ya OKeh ilimrekodi Memphis, na baadaye mwaka huohuo New York. Rekodi hazikuuzika sana, mdororo mkuu wa uchumi ukaja, akarudi shambani. Miaka 35 ilipita. Mwaka 1963 kijana mmoja aitwaye Tom Hoskins alifuata jina la Avalon lililotajwa katika wimbo wake mmoja, akaenda, akamkuta mzee yuko palepale. Mwaka huohuo alipiga kwenye tamasha la muziki la Newport, na akaishi mpaka 1966. Sikiliza rekodi za 1928 na zile za miaka ya 60 siku moja, moja baada ya nyingine. Sauti ya kuimba imezeeka. Gumba ni lilelile. Ndiyo maana sikuachii uruke zile wiki mbili.

Utakapochoka na besi inayopishana, iko aina nyingine, na kwa mtu aliyekwama kama wewe inaweza hata kuwa rahisi zaidi. Lightnin' Hopkins wa Texas na Big Bill Broonzy mara nyingi hawakupishanisha nyuzi. Gumba lilibaki kwenye uzi mmoja likigonga tu. Shika E, gonga uzi wa sita ukiwa mtupu, pigo baada ya pigo, umeuziba kwa kiganja. Ukienda kwenye A gonga uzi wa tano mtupu. Ukifika B7 gonga uzi wa tano kwenye freti ya pili (freti ni vile vyuma vilivyopigiliwa kwenye shingo). Bluzi ya kawaida ina vipimo 12 vya mapigo manne: E vinne, A viwili, E viwili, kisha B7 kimoja, A kimoja, na E viwili vya kufungia. Juu yake, kwenye uzi wa kwanza, una noti ya uzi mtupu na ile ya freti ya tatu. Hiyo ya freti ya tatu usiiache ilie ilivyo. Ukishaipiga, isukume kidogo kwa kidole cha mkono wa kushoto, mpaka ipande chini ya nusu ya hatua, yaani chini ya freti moja. Itafika mahali ambapo si furaha wala si huzuni, mahali ambapo kinanda hakina kitufe chake. Bluzi inakaa humo. Kwenye nailoni utahitaji kusukuma zaidi kuliko kwenye chuma, lakini inafika.

Mambo madogo niyapitie haraka. Kucha: John Hurt alipiga kwa nyama ya vidole, nawe piga hivyo, maana kucha za seremala hazidumu. Zile pete za kupigia zinazovaliwa vidoleni, Gary Davis alizitumia, ila zitakupa kelele kabla hazijakupa kitu kingine, kwa hiyo ziache kwa sasa. Kapo, kile kibano cha kufunga shingoni juu ya nyuzi zote, ni ya manufaa ukitaka kuimba juu zaidi bila kubadili kordi. Na tafadhali usianze na nyimbo za Blind Blake, mpiga bluzi mwingine wa zamani. Nakuomba kwa moyo wote. Rekodi zake za kampuni ya Paramount za kuanzia 1926 hadi 1932 zina gumba linaloteleza likagonga noti mbili mahali pa moja, na nimeona vijana wenye vipaji wakiweka gitaa chini kabisa kwa sababu walianzia huko. Mpe mwaka mzima.

Wimbo wa kwanza uwe ule ambao tayari unaujua kichwani tangu utoto, wowote ule, uwe wa kwaya au wa kuruka kamba. Ukichukua wimbo mgeni utakuwa unajifunza wimbo na mkono kwa mara moja. Uimbe kwanza bila gitaa huku mguu ukigonga mapigo, na utambue silabi ipi inaangukia mguu na ipi inaangukia katikati. Zinazoangukia mguu utazifinya, zilizo katikati utazijibu. Kisha tafuta noti zake ukiwa umeshika C: uzi wa kwanza mtupu, freti ya kwanza na ya tatu, uzi wa pili freti ya kwanza na ya tatu, uzi wa tatu mtupu na freti ya pili. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kiko huru, kitume kwenye zile freti za tatu. Wimbo wa watoto ukiutembeza hivyo juu ya gumba, utashtuka jinsi unavyosikika kama wa mtu mzima.

Ukikutana na F, usijikaze na kordi ya kulaza kidole kwenye nyuzi zote sita. John Hurt alizungusha gumba la kushoto juu ya shingo likabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, na vidole vingine vikabaki huru kwa wimbo. Shingo ya gitaa la nailoni ni pana, kwa hiyo gumba linaweza lisifike mwanzoni. Likishindwa, tumia uzi wa nne freti ya tatu kama besi ya F na uupishanishe na uzi wa tatu freti ya pili. Itatosha kwa miezi kadhaa.

Mwisho utataka kuimba, na siku hiyo gumba litakwama tena kana kwamba hukuwahi kulifundisha. Hilo linatokea kwa kila mtu. Usianze kwa kuimba. Yaseme maneno kwa sauti ya mazungumzo juu ya gumba, kama unavyojibu hodi, mstari mmoja jioni moja. Liko neno ambalo gumba litasita kila ukilifikia, na mara nyingi ni neno linaloanzia katikati ya mapigo. Lizungushie penseli kwenye karatasi, ulirudie hilo tu. Na sikiliza Hurt anachofanya akianza kuimba: anapunguza noti za vidole, anaacha besi na majibu mawili matatu, halafu akimaliza mstari gitaa linachukua wimbo tena. Fanya vivyo hivyo, na ukifika kwenye lile neno ulilolizungushia penseli, vidole vinyamaze kabisa na gumba liendelee.